Kutoa sanduku la chuma na kurudisha meko ya matofali

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, ambako moto ni wa kupikia tu. Meko ya kuota nimeyajulia Lushoto, nilikopanda kufuata kazi ya uashi. Huku mwezi Juni ukungu unaingia hadi sebuleni. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliniita: "Mwanangu, hili sanduku la chuma linanitia moshi machoni, niondolee." Sanduku hilo lilikuwa limepachikwa ndani ya meko ya matofali, na mgongo wake ulikuwa umeliwa na kutu, moshi unapita nyuma yake. Chuma kina kasoro nyingine: moto ukizimika nacho kimepoa, ilhali matofali yanakaa na joto hadi usiku.

Usianze na nyundo. Panda juu ukaikague dohani. Toa masizi na viota vya ndege, shusha timazi, ule uzi wenye uzito, uone kama njia imenyooka, na kama kuna boriti ya paa imegusa matofali, iachanishe kwa sentimita 5 au zaidi. Ndipo ukate mdomo wa sanduku kwa tindo, polepole, ulivute zima. Ukilitingisha kwa nguvu utaangusha matofali yanayobeba dohani.

Vipimo ndiyo roho ya kazi. Kwa yule bibi mdomo wa meko ulikuwa upana sentimita 75 na kimo 70, yaani eneo la sentimita za mraba 5,250. Njia ya dohani inatakiwa iwe kati ya sehemu moja ya nane na moja ya kumi ya eneo hilo. Yake ilikuwa 25 kwa 25, sawa na 625, kwa hiyo tuliiacha kama ilivyo. Ikiwa ndogo mno, punguza mdomo; ni rahisi kuliko kubomoa dohani.

Meko yasiwe na kina kirefu. Nilijenga kina cha 38, ukuta wa nyuma upana 40, na kuta za pembeni zimefunguka kuelekea chumbani, ili joto lirudi kwa watu. Ubavu uliofunguka hivyo ulipigiwa debe na Benjamin Thompson, aitwaye Count Rumford, mzaliwa wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1796, na mpaka leo haujapitwa. Juu ya mdomo, chini ya dohani, acha koo, yaani njia ya moshi, jembamba la sentimita 10, na sehemu ya mbele uilainishe iwe ya mviringo. Nyuma ya koo jenga kibao bapa cha matofali cha kuzuia upepo unaoshuka. Koo ukilipanua kwa kudhani moshi utapita vizuri zaidi, joto lote litapanda nalo juu.

Sasa udongo. Pale moto unapogusa, saruji usiiweke kabisa. Nimebomoa meko yaliyojengwa kwa saruji, na viungo vilikuwa vinamomonyoka kwa kidole. Tumia matofali yanayohimili moto, yale ya ndani ya tanuri, na udongo mfinyanzi sehemu 1 kwa mchanga safi sehemu 2. Finyanga donge, likaushe kivulini. Likipasuka ongeza mchanga, likisagika ongeza udongo. Loweka matofali kidogo, viungo viwe vyembamba, milimita 3 hadi 5. Dohani juu ya paa jenga kwa chokaa na mchanga, 1 kwa 3, isimame angalau sentimita 90 juu ya paa pale inapotokea, na 60 zaidi ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Sakafu ya mbele ya meko iwe ya mawe au matofali, sentimita 50, ili cheche zisiangukie mbao.

Kisha subiri. Mimi niliwahi kuwashiwa na mwenye nyumba mapema, siku ya nne, ukuta ukapasuka kutoka koo hadi chini, na nikarudia kazi nzima. Bibi nilimwomba avumilie wiki tatu. Siku ya kwanza tuliwasha vijiti vya mkaratusi vinavyojaa konzi moja, dirisha wazi, ya pili mara mbili yake, hivyo hivyo kwa siku sita. Siku ya saba tulitia kuni kubwa, moshi ukapanda moja kwa moja, naye akasogeza kiti chake mbele ya moto.