Namna ya kubishana kuhusu wachezaji wa Carolina, wa zamani na wa sasa, bila kuumbuka

Mwaka wangu wa kwanza katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli moja hapa North Carolina, niliumbuka mbele ya watu wanne na rundo la mashuka. Mzee mmoja wa zamu ya usiku alituuliza ni nani mchezaji bora aliyewahi kuvaa jezi ya Tar Heels, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha North Carolina. Nikajibu huku nakunja foronya: Michael Jordan, kwani kuna mwingine? Mzee akazima mashine ya kukaushia. Aliizima kabisa, ili nimsikie vizuri. "Jordan yupi? Wa Chicago au wa Chapel Hill?"

Nikabaki nimeduwaa na foronya mkononi. Jordan wa Chapel Hill, mji wa chuo hicho, alicheza misimu mitatu, kuanzia 1981 hadi 1984, akafunga pointi 1,788, wastani wa 17.7 kwa mchezo. Mwaka 1984 alikuwa mchezaji bora wa vyuo nchini, hilo halina ubishi. Ila zile pete sita za ubingwa nilizokuwa nazo kichwani alizivaa Chicago, kwenye ligi ya kulipwa ya NBA, na Chapel Hill hazihusiki hata moja. Usiku ule nilianza kuandika mambo nyuma ya ratiba za zamu zilizopitwa na wakati. Haya ninayokupa yametoka kwenye karatasi hizo.

Mvue jezi ya NBA

Hapo ndipo pa kuanzia, na ndipo wageni wengi tunapoanguka. Unapomzungumzia mchezaji wa chuo, hesabu yake inaanza siku aliyoingia chuoni na inaisha siku aliyotoka. Marvin Williams alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa mwaka 2005, akachaguliwa wa pili kwenye drafti, timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, mwaka huohuo, na msimu mzima wa chuo alikuwa akitokea benchi. Ukimweka juu ya Sean May, aliyefunga pointi 26 kwenye fainali ile dhidi ya Illinois, utaambiwa uende ukapange taulo.

Kinyume chake ni Tyler Hansbrough. NBA alikuwa mchezaji wa kawaida tu. Chapel Hill alikaa misimu minne, akaondoka 2009 na ubingwa mkononi na pointi 2,872, nyingi kuliko mwanamume yeyote katika historia ya ACC, ligi ya vyuo wanayochezea Carolina. Kumdharau kwa sababu ya yaliyofuata ni sawa na kulikataa shuka safi eti litachafuka kesho.

Uliza mwaka kabla ya kuuliza pointi

Hapa tukae kidogo, maana asilimia kubwa ya ubishi hufia hapa.

Mchezo huu umebadilishwa sheria mara nyingi mno kuweza kulinganisha namba kavu. Hadi kabla ya msimu wa 1972-73, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo. Kwa hiyo Lennie Rosenbluth, nyota wa kikosi cha 1957 kilichoshinda michezo 32 bila kufungwa hata mmoja, alikuwa na misimu mitatu tu. Alifunga pointi 2,045 kwa wastani wa karibu 27 kwa mchezo. Mpe mwaka wa nne kwa wastani huohuo, halafu njoo tuzungumze.

Mstari wa pointi tatu ulianza kutumika vyuo vyote msimu wa 1986-87. Tangu hapo umesogezwa nyuma mara mbili, 2008 na 2019. Saa ya kuilazimisha timu itupe mpira nayo ilikuja msimu wa 1985-86, kwanza sekunde 45, kisha 35, na tangu 2015 ni 30. Kabla ya saa hiyo timu ingeweza kukaa na mpira mpaka watu wasinzie. Kocha Dean Smith wa Carolina alikuwa na mtindo wake, Kona Nne: wachezaji wanne wanasimama kwenye kona, wa tano anauchezea mpira katikati mpaka mpinzani akate tamaa au atoke kwenye nafasi yake. Huyo wa katikati, miaka ya sabini, alikuwa Phil Ford. Sasa mtu anakuja na pointi 2,290 za Ford na kusema mbona ni chache kuliko za fulani. Ford alikuwa analipwa sifa kwa kutotupa! Mwaka 1979 Carolina walienda mapumziko dhidi ya Duke, mahasimu wao wakubwa, wakiwa nyuma 7-0. Sijakosea kuandika. Saba kwa sifuri, mchezo wa wanaume wazima, dakika 20.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki Carolina. Pete Maravich wa LSU alifunga pointi 3,667 kwa misimu mitatu, 1967 hadi 1970, wastani wa 44.2, bila mstari wa pointi tatu. Mwaka 2023 Antoine Davis wa Detroit Mercy alimaliza na 3,664. Zilimpungukia tatu, mtupo mmoja tu wa mbali. Ukiishia hapo utasema hawa wawili ni sawa. Uliza mwaka: Maravich alicheza michezo 83, Davis 144, kwa misimu mitano. Sisemi Davis si lolote. Pointi 25 kwa mchezo si mchezo. Ninasema usiziweke namba hizo mbili mstari mmoja kabla ya kuandika 83 na 144 pembeni yake.

Mwaka uliofuata Caitlin Clark wa Iowa aliwapita wote wawili, akamaliza na 3,951. Dada mmoja wa zamu yetu, shabiki wa Duke lakini mtu mwema, akatukumbusha kwamba Pearl Moore alifunga 4,061 vyuoni miaka ya sabini, nyingi kati ya hizo akiwa Francis Marion, wakati michezo ya wanawake ilikuwa chini ya chama kingine, AIAW, na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo leo, haikuwa imeichukua bado. Ndiyo maana ukisikia neno "rekodi", uliza ni daftari la nani.

Misimu mitano tuliyoitaja kwa Antoine Davis nayo ina sababu yake. Msimu wa 2020-21, wa korona, haukuhesabiwa kwenye miaka minne ya mwanafunzi. Kwetu walionufaika ni Armando Bacot na R.J. Davis. Bacot aliondoka na ribaundi 1,715. Rekodi ya Hansbrough aliyoivunja ilikuwa 1,219. R.J. Davis aliishia pointi 2,725, wa pili nyuma ya Hansbrough, ila kwa misimu mitano dhidi ya minne. Mimi nikiandika majina yao huweka alama ya 5 pembeni. Si kuwashushia heshima, ni kuweka hesabu sawa. Bacot huyohuyo mwaka 2022 alipata pointi na ribaundi za tarakimu mbili katika michezo yote sita ya mashindano ya kitaifa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake, na kwenye fainali alikuwa anachechemea. Hilo halihitaji alama yoyote.

Tazama mchezo mzima, acha vipande

Mzee aliniambia nikatazame fainali ya 1982 dhidi ya Georgetown, yote. Nilikuwa nimeuona ule mtupo mara mia: Jordan upande wa kushoto, zimebaki sekunde kumi na kitu, mpira unaingia, 63-62. Nikadhani ndio mchezo wenyewe.

Nikautazama wote Jumapili moja, na nilichokiona ni James Worthy. Pointi 28. Kila Carolina walipobanwa, mpira ulimwendea yeye, naye alikuwa anamalizia mbio za kasi kama mtu anayekimbilia basi la mwisho. Patrick Ewing wa Georgetown, mwaka wa kwanza wake, anapiga mipira iliyokwisha kuanza kushuka kikapuni, marefa wanaihesabu kuwa imeingia, naye wala hajali, ni kama anatuma salamu. Halafu mwishoni, baada ya ule mtupo, Georgetown wana muda wa kutosha kushinda. Fred Brown anageuka na kumpa mpira mtu aliye pembeni yake. Mtu huyo ni Worthy. Sogeza picha nyuma uone: Worthy ameshapotea njia, yuko mahali ambapo hapaswi kuwa, na Brown anaona jezi kwa kona ya jicho akidhani ni mwenzake. Mchezaji bora wa mashindano alikuwa Worthy. Jordan alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza mwenye wastani wa 13.5 msimu ule.

Ishike hiyo 13.5. Kila Novemba, msimu unapoanza, utasikia mtu akisema kijana fulani wa mwaka wa kwanza hafai kwa sababu anafunga kumi na mbili. Mwambie 13.5, kisha endelea kukunja.

Tuzo zilipigiwa kura na watu

Kwenye paa la ukumbi wa Dean Smith Center kuna jezi nyingi zimetundikwa, lakini namba zilizostaafishwa kabisa ni chache, na kigezo chake ni tuzo ya mchezaji bora wa mwaka nchini. Ni mahali pazuri pa kuanzia, mradi usiishie hapo. Charlie Scott alikuwa mchezaji wa kwanza Mweusi kupewa ufadhili wa mpira wa kikapu Chapel Hill. Mwaka 1970 aliongoza ACC kwa kufunga, wastani wa 27.1. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 1969 na 1970 ilikwenda kwa John Roche wa South Carolina. Roche alikuwa hodari, lakini Scott mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba aliona rangi yake ndiyo iliyopigiwa kura. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona hakushinda tuzo", muulize mwaka gani, na nani alikuwa na kalamu.

Walioondoka, na walio uwanjani leo

Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima kumekuwa jambo la kawaida. Usajili wa timu sasa unabadilika kama mashuka ya wageni. Ndipo linapokuja swali la Caleb Love. Aprili 2022, nusu fainali New Orleans, alifunga 28 na kuwatoa Duke 81-77, mchezo wa mwisho wa kocha wao Mike Krzyzewski. Siku mbili baadaye, kwenye fainali na Kansas, alitupa mara 24 zikaingia tano. Tulikuwa mbele kwa 15 wakati wa mapumziko, tukapoteza 72-69. Msimu uliofuata hatukuingia hata kwenye mashindano, naye akahamia Arizona. Mwaka 2024 yeye akawa mchezaji bora wa ligi ya Pac-12, na R.J. Davis aliyebaki akawa mchezaji bora wa ACC.

Kazini kwetu nusu walitaka jina lake lifutwe. Mimi nina kanuni moja: alichofanya akiwa na jezi yetu ni chetu, kizuri na kibaya. Zile 28 ni zetu. Zile 5 kwa 24 pia ni zetu. Ya Arizona ni ya Arizona.

Kwa walioko uwanjani sasa, linganisha mwaka na mwaka: wa kwanza na wa kwanza, wa tatu na wa tatu. Usimpe mtu hukumu kabla ya Machi, mwezi wa mashindano ya kitaifa. Na tangu Machi 2024, kubeti kwa simu kulipohalalishwa katika jimbo hili, nimejifunza kumpima anayesema kabla ya kupima anachosema. Mtu anayemlaani kijana wa miaka 19 kwa kukosa ribaundi moja kwenye mchezo tulioshinda kwa ishirini, huyo analilia tiketi yake. Mwache.

Andika watano, kwa wino

Mwisho wa yote, usiniambie "wote wazuri". Chukua karatasi, andika watano, na mbele ya kila jina weka misimu aliyocheza na kama mstari wa pointi tatu ulikuwepo. Wangu ni Ford, Worthy, Hansbrough na Rosenbluth. Dada wa Duke hupinga Hansbrough kila tunapokutana, kwa sababu pointi 982 kati ya zile alizofunga ni za mitupo huru, rekodi ya NCAA, na kwa maoni yake rekodi hiyo ni ya marefa. Tena Hansbrough ndiye aliyeivunja rekodi ya ACC ya J.J. Redick wao, basi mwelewe.

Ya tano imekwama. Mimi niliandika Jordan, safari hii nikiwa na 1,788 na tuzo ya 1984 pembeni. Mzee akalikata kwa mstari mmoja, akaandika Scott. Wiki iliyopita mtu wa zamu ya mchana ameingilia, kakata Scott, kaweka Antawn Jamison, bila misimu, bila mwaka, bila chochote. Karatasi bado imebandikwa juu ya mashine namba tatu, na tunamtafuta aliyefanya hivyo.