Somo: Kutumia msumeno wa meza kwa usalama katika karakana ya pamoja

Somo hili ni la wanachama wote wa karakana yetu hapa Kisumu, waliozoea mashine na wale ambao hadi sasa wamefanya kazi kwa msumeno wa mkono. Linahusu msumeno wa meza peke yake. Nimeliandika kwa kuzingatia karakana ya pamoja, kwa sababu mashine inayotumiwa na watu wengi ina hatari yake ya ziada: huikuti ulivyoiacha. Aliyekutangulia huenda alilaza bledi, yaani diski ya meno inayokata, kwa pembe ya fremu ya picha, akasogeza fensi, yaani ukingo ulionyooka wa kuongozea ubao, akafungua kinga inayofunika bledi ili achonge mfereji, kisha akapigiwa simu na mteja akaenda zake.

Hatua ya 1: Kagua mashine kama mgeni

Zima swichi, chomoa plagi, na uiweke mahali unapoiona mwenyewe. Mafundi kadhaa wakiwa kazini, si ajabu mmoja wao kuichomeka tena akidhani ni waya wa randa, na wewe vidole vyako viko kwenye nati ya bledi.

Angalia kama bledi ina ufa, jino lililovunjika au utomvu wa paini ulioganda, kwa kuwa bledi chafu hupata joto na kuuma mbao. Hakikisha nati imekazwa na meno ya juu yanaelekea upande wako. Kwa kupasua mbao kwa urefu, tumia bledi ya meno machache makubwa, kama 24. Kwa kukata kwa upana, ya meno 60 au zaidi. Kisha pima fensi: weka alama kwenye jino moja, pima umbali wake hadi fensi likiwa mbele, zungusha bledi kwa mkono, na upime tena jino lilelile likiwa nyuma. Vipimo viwe sawa. Kama cha nyuma ni kidogo kuliko cha mbele, fensi inabana ubao dhidi ya bledi, na usikate chochote kabla ya kuirekebisha.

Nyuma ya bledi pawe na bamba la chuma linaloushikilia mpasuo usijifunge, na juu yake pawe na kinga. Mwisho, pandisha bledi ipite unene wa ubao kwa takriban milimita 5.

Hatua ya 2: Kagua mbao

Mbao za paleti na zile za fomu za kumwagia zege zinazotoka mjengoni hubeba misumari na saruji kavu, kwa hiyo zipitishe brashi ya waya na sumaku kabla ya kuzileta mezani. Ubao uliopinda haupaswi kuwekwa mezani kabla ya kunyooshwa kwa randa, kwa sababu unahitaji upande mmoja bapa wa kulala mezani na ukingo mmoja ulionyooka wa kuegemea fensi.

Mkaratusi unahitaji maelezo zaidi. Baada ya serikali kupiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, mafundi wengi walizidi kutegemea miti ya mashamba ya watu, na marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 2023 mkaratusi ulikuwa umekwisha kuzoeleka. Mti huu hukua kwa haraka na nyuzi zake hukaa zikiwa zimevutana ndani. Unapoupasua, mvutano huo hufunguka: pande mbili za mpasuo zinaweza kuachana kama mdomo wa mamba, au zikafungana na kuikaba bledi katikati ya kazi. Saipras iliyokauka vizuri haina vituko hivyo kwa kiwango hicho. Kwa mkaratusi, hasa mbichi, weka karibu kabari mbili za mbao za kuutanua mpasuo ukifungana, na upasue polepole.

Hatua ya 3: Mavazi

Vaa miwani ya kujikinga, vizibo vya masikio na barakoa. Vumbi la mbao si kero ya mafua tu. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi hilo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Glavu zivuliwe, kwa sababu jino likinasa kitambaa huvuta mkono wote. Bangili, mikono mirefu ya shati, kamba ya kitambulisho na ncha za leso vifuate glavu.

Hatua ya 4: Pa kusimama

Bledi ya inchi 12 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika husukuma meno yake kwa kasi ya takriban kilomita 170 kwa saa. Meno ya mbele hushuka na kuukandamiza ubao mezani, na hayo hayana tabu. Ya nyuma hupanda. Ubao ukibanwa, au ukiachana na fensi hata kidogo na kugusa meno hayo, huinuliwa na kurushwa kuelekea aliyekuwa akiusukuma. Ubao unaorudi unaweza kuvunja mbavu, na mara nyingi mkono uliokuwa ukiusukuma hupoteza mhimili na kuangukia bledi. Kwa sababu hiyo tunasimama kando ya mstari wa bledi, miguu imepanuliwa, na hakuna anayepita au kuzungumza na simu katika mstari huo mashine ikiwa inanguruma.

Hatua ya 5: Kupasua

Acha bledi ifikie kasi yake kamili. Ukandamize ubao mezani na kwenye fensi kwa wakati mmoja, uusukume bila kusita, macho yakiwa kwenye fensi. Mkono ukikaribia bledi kwa sentimita 15, chukua fimbo ya kusukumia, ambayo mahali pake ni kwenye ndoano ya mguu wa meza na si chini ya rundo la vipande. Usukume ubao hadi uipite bledi kabisa. Msaidizi aliye upande wa pili anaubeba tu. Akianza kuuvuta, yeye ndiye anayeongoza kazi bila kuiona. Usiokote kipande kilicho karibu na bledi kabla haijasimama kabisa.

Hatua ya 6: Kukata kwa upana

Tumia kiongozi cha pembe kinachoteleza katika mfereji wa meza, na usiegemeze ncha ya ubao kwenye fensi, maana kipande kitanaswa kati ya fensi na bledi na kurushwa. Ukitaka vipande vya urefu mmoja, funga kigingi kifupi kwenye fensi, mbele ya bledi, ili kipande kikikatika kipate nafasi.

Hatua ya 7: Stima

Stima ikipotea, bonyeza swichi ya kuzima kabla ya kuondoka. Itarudi bila hodi, na mashine yenye swichi ya kawaida itaanza kuzunguka yenyewe. Swichi ya sumaku hujikata umeme unapopotea na haiwaki tena hadi ibonyezwe, kwa hiyo nashauri ndiyo iwe ununuzi wetu wa kwanza.

Maswali ya wanachama

Fundi, mashine yangu ya pale soko la Kibuye ilitengenezwa na mchomeleaji, haina bamba wala kinga. Je, niache kazi?

Usiiache kazi, ila irekebishe mashine kwanza. Mchomeleaji yuleyule anaweza kutengeneza bamba: liwe nene kuliko mwili wa bledi na jembamba kuliko mpasuo. Ikiwa mwili ni milimita 2.2 na meno yanakata milimita 3.2, bamba la milimita 2.5 litafaa. Liwe kwenye mstari mmoja na bledi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizibwe, kwa hiyo kama umeajiri vijana, jambo hili haliko kwenye hiari yako.

Ubao ukikwama katikati, niurudishe nyuma?

Hapana, kaka. Uushike palepale, uukandamize, uzime mashine kwa goti au umwombe mwenzako aizime. Bledi ikisimama, gonga kabari kwenye mpasuo, kisha uondoe ubao na utafute sababu.

Mwalimu, mimi hukata vipande vyembamba vya kupamba makabati. Fimbo haiingii kati ya fensi na bledi.

Dada, panga kazi ili kipande chembamba kiangukie upande wa nje wa bledi, na sehemu pana ndiyo iegemee fensi. Utalazimika kusogeza fensi kila mara, na ndiyo, inachosha.

Nimesikia kuna msumeno unaosimama ukigusa kidole. Ni kweli?

Ni kweli. Steve Gass wa Marekani aliubuni mwaka 1999, na unauzwa kwa jina la SawStop. Bledi hupitishwa umeme mdogo, na ngozi ikiigusa, kipande cha alumini hurukia meno na kuisimamisha ndani ya sekunde 0.005 hivi. Bledi na breki hiyo huwa za kutupwa. Mbao mbichi sana zinaweza kuichokoza bila sababu, na haizuii ubao kurushwa, kwa hiyo pa kusimama ni palepale.

Na ajali ikitokea?

Zima mashine. Bana jeraha kwa kitambaa safi na uuinue mkono. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu wala kuloweshwa majini. Mpeleke majeruhi moja kwa moja katika hospitali kubwa, na kwa sisi wa mjini, ya Jaramogi Oginga Odinga ndiyo ya rufaa. Mmoja abaki karakanani ili mtu yeyote asiiwashe mashine hiyo kabla haijakaguliwa.