Kuandika Riwaya ya Picha Iliyopotea: Anza na Mgongo Wake

Miswada ya aina hii ninayoletewa niihariri huanza karibu yote na uso wa picha: mwanamke mrembo, macho ya huzuni, saini kwenye kona. Kufika ukurasa wa 30 mwandishi ameishiwa. Igeuze hiyo picha. Hadithi imeandikwa mgongoni.

Hatua ya 1: Chora mgongo

Chukua karatasi, chora mstatili, kisha weka mbao za kuwambia turubai, misumari, bei ya penseli, lebo iliyobanduka nusu, jina lililokwaruzwa. Kila alama iwe imeachwa na mtu, na mtu huyo umjue.

Lebo, ile karatasi ya jumba la sanaa ilikopitia picha, ichague kwa makini. Gallery Watatu ilianzishwa Nairobi na wasanii watatu mwishoni mwa miaka ya 1960, na wanunuzi wengi wa sanaa mjini wakati huo walikuwa wageni. Kwa hiyo picha yenye lebo hiyo ingetarajiwa kupanda ndege na mwenyewe. Yako ilibaki. Nani aliizuia? Ukichagua Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi kilichoanzishwa na mchoraji Elimo Njau na wenzake mwaka 1965, una jambo zito zaidi: moto wa 1997 uliteketeza kazi nyingi pale. Basi wahusika wako wana sababu ya kuamini kwamba picha ni majivu, na aliyeitoa kabla ya moto ana sababu ya kunyamaza. Usibuni moto mwingine wakati upo wa kweli.

Hatua ya 2: Ifiche mahali pa wazi

Tafadhali, hakuna chumba cha siri juu ya dari. Nyumba zetu hazina. Picha hupotea kwa kutundikwa mbele ya watu wasioijua. “Tutu”, picha ya mchoraji Ben Enwonwu wa Nigeria, ya mwaka 1974, ilipatikana katika nyumba ya familia moja London, ikauzwa mnadani Februari 2018 kwa zaidi ya pauni milioni 1.2. Enwonwu alichora Tutu tatu, na hapo ndipo mwandishi angepaswa kusisimka: ikipatikana moja, utasemaje ni ipi?

Kwa Nairobi, mpe picha mpishi aliyeachiwa na mwajiri wake akirudi Ulaya. Itundike Kaloleni, sebuleni, na kila Januari kalenda mpya ipigiliwe juu yake.

Hatua ya 3: Iharibu

Moshi wa makaa, unyevu wa masika, mchwa kwenye fremu. Aya mbili zatosha.

Hatua ya 4: Mlete mtaalamu, lakini asihutubu

Mpe kifaa kimoja: tochi ya urujuanimno, jamii ya ile inayotumika kukagua noti bandia. Gizani, vanishi ya kale hung’aa kijanikijani, na sehemu zilizopakwa rangi baadaye huonekana nyeusi. Msomaji ataliona doa pamoja na wahusika, wala hutahitaji kueleza mengi.

Ukitaka picha iwe ghushi, kosa liwe dogo. Mjerumani Wolfgang Beltracchi, mghushi wa picha, alinaswa kwa sababu ya rangi nyeupe ya titani ndani ya picha aliyodai ni ya 1914, wakati rangi hiyo ilikuwa bado haijafika kwa wachoraji.

Hatua ya 5: Ugomvi

Hapa tumia nusu ya kitabu. Mpishi amefariki bila wosia, kwa hiyo picha ni mali ya mirathi, na safari ya mahakamani huanza na barua ya chifu inayotaja warithi. Acha jina moja likosekane kwenye barua hiyo. Halafu waache wazungumze:

“Shangazi, mbona Baba Mdogo hayumo?”

“Mwanangu, kula kwanza.”

Huyo shangazi anajua kila kitu. Usimfanye mchoyo, mwenye haki nusu ana uzito kuliko mwizi kamili. Na kutoka ng’ambo aje mjukuu wa mwajiri, mpole, akiuliza kama kuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba picha ilitolewa zawadi. Nani huandikiana hati kwa zawadi ya jikoni? Lakini mahakama itauliza hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Sasa geuza uso

Eleza kilichochorwa kidogo kidogo, kupitia wanaokitazama. Mjane aone nguo, fundi wa fremu aone ukubwa, dalali aone saini. Mwandishi asijitokeze kutuambia ni kazi bora.

Bei isisubiri sura ya mwisho. Itaje mapema, kwa shilingi, kwa kinywa cha dalali ambaye hakuna anayemwamini, kisha uone nani katika familia anaacha kupokea simu.