Kabla Hujasaini Apatimenti Marekani, Tembea Kwanza Hadi Kituo cha Basi

Usisaini mkataba wa mwaka mzima wa nyumba ambayo hujaifikia kwa miguu yako mwenyewe. Nimelitanguliza hili kwa sababu najua wengine mtaishia hapa, kisha mtamwandikia binamu aliyeko Dallas: "Nitafutie sehemu nzuri." Binamu atakutafutia kwa moyo wote, ila atatafuta kwa macho ya mtu mwenye gari.

Marekani umbali hutajwa kwa dakika, na dakika hizo ni za gari. Mwulize ndugu yako duka liko wapi, atakwambia, "Hapo tu, dakika tano." Hadanganyi. Kwenye barabara ya maili 45 kwa saa, dakika tano ni karibu maili nne, kama kilomita sita, yaani zaidi ya saa nzima ya kutembea ukiwa na mifuko mikononi. Ndugu zangu mliokaa huku miaka mingi, nawaheshimu na mlitupokea vizuri, lakini mmesahau. Mgeni anatua hana leseni ya hapa, hana rekodi ya mikopo ya kumpatia gari kwa riba ya kibinadamu, na kazi aliyoipata ni zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Msimwambie "utazoea tu." Mwambieni basi la mwisho linapita saa ngapi.

Mimi nilisaini kwenye simu, nikiwa bado sijapanda ndege, apatimenti ya Texas. Tangazo lilikuwa na picha ya bwawa la kuogelea, alama nzuri ya kutembea, na maneno ya kuvutia: mwezi wa kwanza bure. Kila kilichoandikwa kilikuwa kweli. Supermaketi ilionekana kutoka dirishani. Kati yangu na hiyo supermaketi kulikuwa na uzio wa chuma usio na geti upande ule, na nyuma ya uzio barabara ya njia sita. Geti lilikuwa moja tu, la magari, upande wa pili kabisa wa majengo. Ukishatoka hapo, njia ya miguu inakwenda hatua chache halafu inakatika, unabaki kwenye majani na mtaro. Kituo cha basi kilikuwa nguzo iliyochomekwa kwenye nyasi, hakina benchi wala kivuli, na jua la Texas wakati wa kiangazi linapita nyuzi 38. Kivuko chenye taa kilikuwa mbali mno, kwa hiyo kila mtu alivuka katikati ya barabara, wengine na watoto mgongoni.

Hiyo ndiyo mitaa ya kuikimbia hata ikiwa na mabwawa matatu. Mwaka 2022 waenda kwa miguu zaidi ya 7,000 waliuawa na magari Marekani, na zaidi ya robo tatu yao gizani. Sisi tunaogopa bunduki kwa sababu ndizo tunazoziona kwenye habari. Kitakachokukaribia kila siku ni pikapu inayokata kona kulia taa ikiwa nyekundu, jambo linaloruhusiwa karibu kila mahali nchini (New York mjini ni marufuku mpaka kuwe na kibao cha kuruhusu), na dereva wake anaangalia kushoto tu, magari yanakotokea. Wewe uko kulia kwake. Ongeza na hili: wengi wetu kutoka Tanzania, Kenya na Uganda tumekua tukiangalia kulia kwanza kabla ya kuvuka. Huku magari yanakuja kutoka kushoto. Warundi na Wanyarwanda hawana shida hii, wacha watucheke.

Sasa ile alama. Kwenye matangazo mengi huwa ni ya Walk Score, inaanzia 0 hadi 100. Inapima ukaribu wa maduka, shule, bustani na mahitaji ya kawaida: kilicho ndani ya dakika tano za kutembea kinapata pointi zote, kilicho mbali zaidi ya dakika thelathini hakipati kitu. Inaangalia pia wingi wa watu na jinsi mitaa inavyokutana. Kwa kazi hiyo ni kipimo kizuri, na tofauti ya 90 na 40 ina maana kubwa. Lakini ukaribu si njia. Alama haikuelezi kama taa za mtaa zinawaka, kama magari yanakimbia, wala kama uzio una geti. Narudia, maana nimeona watu wanachagua nyumba kwa alama kama wanavyochagua shule kwa matokeo ya mtihani: ukaribu si njia.

Dawa yake haina gharama. Fungua Google Street View, zile picha za mitaani kwenye ramani ya Google, na ujitembeze kutoka mlango wa hiyo nyumba hadi kituo cha basi, halafu hadi dukani, bila kuruka hata kona moja. Angalia picha ilipigwa mwaka gani. Ukiona kijinjia kilichochongwa na nyayo kwenye majani pembeni ya barabara, ujue watu wanatembea hapo na mji haujawajengea. Halafu muulize meneja kwa maandishi: geti la waenda kwa miguu liko upande gani, na linafunguka saa ngapi? Akikujibu kuhusu maegesho ya magari, umeshapata jibu.

Ratiba ya basi isome ya Jumapili, usisome ya Jumatatu. Mtaa unaoitwa "karibu na usafiri" unaweza kuwa na basi moja kwa saa, na likakatika saa nne usiku wakati zamu yako inaisha saa tano. Kwa anayefanya kazi usiku, hapa miji inatofautiana kama mbingu na ardhi. Treni za New York zinatembea saa 24. Chicago, njia ya Red na ya Blue hazilali. Washington wanafunga usiku. Dallas ina reli ndefu ya zaidi ya maili 90, ila ukishuka kwenye baadhi ya vituo unakutana na uwanja wa kuegesha magari na barabara kuu, hakuna kingine. Arlington, hapo katikati ya Dallas na Fort Worth, mji wa watu karibu 400,000, hauna mtandao wa mabasi ya kawaida. Tangu mwishoni mwa 2017 wanatumia vigari vya kuita kwa simu. Kuna Wakenya wengi Arlington na wanaishi vizuri, wana magari.

Nikuambie siri ya kutafuta mitaa inayotembeleka: tafuta mitaa mizee. Sehemu zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakati watu walipanda tramu, zina vitalu vifupi, yaani kona hadi kona si mbali, njia ya miguu pande zote mbili na duka kwenye kona. Sehemu zilizojengwa baadaye, hasa baada ya sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, zilijengwa kwa ajili ya gari, na barabara zenyewe mara nyingi zilipitishwa katikati ya mitaa ya Weusi. Ndiyo maana katika miji mingi nyumba mpya inayong'aa iko mahali pabaya kwa mwenda kwa miguu, na nyumba kuukuu yenye ngazi zinazolia iko mahali pazuri. Silver Spring kule Maryland, kwa mfano, eneo la katikati lina treni ya Red Line na maduka ya Wahabeshi unayafikia kwa miguu. Cedar-Riverside ya Minneapolis, kwa Wasomali, treni inapita mlangoni. Shangazi yako atakwambia mitaa hiyo "imejaa watu." Mtaa wenye watu barabarani saa tatu usiku ndio unaoutaka, shangazi.

Usalama wenyewe, hapa wageni wengi hupotea. Nyumbani ukimwuliza dalali, atakuapia kwamba mtaa ni tulivu, jirani ni hakimu, na mwizi hajawahi kuonekana. Huku wakala akiulizwa "ni salama?" ananyamaza, au anakwambia ukaangalie tovuti ya polisi. Usidhani anakuficha kitu. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968, iliyosainiwa wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, inakataza kuwaelekeza watu kwenye mitaa fulani kwa rangi, dini au asili yao, na kwa vile neno "salama" limetumika miaka mingi kumaanisha "hakuna Weusi," mawakala wamefundishwa kulikwepa. Mwishoni mwa 2021 hata Redfin, kampuni ya kutangaza nyumba mtandaoni, ilitangaza kwamba haitaweka takwimu za uhalifu kwenye matangazo yake. Naiunga mkono sheria hiyo. Ila inakuacha wewe mgeni ujitafutie mwenyewe, na ujue hivyo tangu mwanzo.

Ukifungua ramani ya uhalifu ya polisi wa mji, usitishwe na rangi nyekundu ya eneo zima. Chuja kwa aina na kwa saa. Kuvunjiwa kioo cha gari kwenye maegesho hakukuhusu wewe usiye na gari. Kuporwa mtu barabarani kati ya saa mbili usiku na saa saba kunakuhusu sana. Katikati ya mji kila mara huonekana pabaya kwa sababu uhalifu hugawanywa kwa idadi ya wanaolala hapo, ilhali mchana panajaa watu wasiolala hapo. Na tofauti ya kitalu kimoja hadi kingine inaweza kuwa kubwa, kwa hiyo takwimu za msimbo mzima wa posta zinasaidia kidogo sana. Kisha nenda mwenyewe, saa ileile utakayokuwa unarudi kutoka kazini. Kumbuka majira: Dallas mwezi Julai jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku, Desemba ni saa kumi na moja na nusu jioni. Aliyekagua nyumba Julai hajaliona giza lake la Desemba. Ongea na watu kituoni alfajiri, wale wenye sare za hospitali na usafi. Hao hawakuuzii kitu.

Kuna usalama wa aina nyingine ambao ndugu hawautaji mezani. Mtaa wa matajiri, kimya, miti mizuri, hakuna anayetembea isipokuwa mwenye mbwa. Mtu mweusi akitembea hapo jioni na mkoba mgongoni, gari linapunguza mwendo, pazia linasogea. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Lakini kuishi mahali ambapo kutembea kwenyewe kunatiliwa shaka kunachosha, na sidhani jamii inayomwona mwenda kwa miguu kama mtu aliyeharibikiwa na maisha inajua ilichokipoteza. Wanatembea kwenye mashine ndani ya jimu, wamefika kwa gari.

Taratibu za kawaida zisikusumbue: stabu (karatasi za malipo) za mshahara unaofika mara tatu ya kodi, pasipoti na viza au namba ya hifadhi ya jamii, ada ya maombi, dhamana. Utazipita.

Kinachouma ni mkataba. Nyumbani ukichoka nyumba unaongea na mwenye nyumba, mnapatana, mnaachana. Huku, nilipotaka kuondoka, nikaonyeshwa kifungu cha ada ya kupangisha upya, ambayo kwa Texas mara nyingi ni asilimia 85 ya kodi ya mwezi. Nikafikiri nikilipa nimemaliza. Hapana: ada hiyo haikukomboi. Unailipa, na kodi inaendelea kukudai mpaka apatikane mpangaji mwingine au mkataba uishe. Na ule mwezi wa bure? Ulidaiwa urudishwe, kwa sababu ulikuwa bure kwa masharti ya kukaa mwaka mzima. Soma kifungu cha punguzo kabla hujasoma kitu kingine. Mwezi wa bure ndio uliofunga mlango.

Na msidanganyane kwamba kuna siku tatu za kubadili mawazo baada ya kusaini. Kwa kodi ya nyumba Texas hakuna. Ukisaini saa nne, saa tano umefungwa.

Kwa hiyo wiki za kwanza lala kwa ndugu, au panga chumba cha mwezi kwa mwezi, au hoteli ya kukaa kwa wiki. Itakugharimu zaidi na watu watasema unatupa hela. Waache waseme. Ukiwa hapohapo tembea mitaa unayoifikiria, mchana na usiku, kabla ya kusaini chochote cha miezi kumi na miwili.

Kama umeshasaini, usikimbie. Sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba ajitahidi kupata mpangaji mwingine ukiondoka, na mkataba hauwezi kukunyang'anya haki hiyo, kwa hiyo toa notisi kwa maandishi, uhifadhi nakala, na uangalie kama nyumba yako inatangazwa kweli. Uliza kama kampuni ina majengo mengine upande wenye basi, maana baadhi huruhusu uhamisho kwa ada ndogo. Mlete mtu wa kuchukua nafasi yako, akubaliwe kwa maandishi, si kwa mdomo. Ukiacha funguo mezani na kuondoka, deni litapelekwa kwa wakusanya madeni, na meneja wa nyumba inayofuata atalikuta kwenye ripoti yako ya mikopo kabla hajakuonyesha chumba.