Mashimo ya zai kwenye kiwanja changu cha Ruai

Kiwanja changu cha Ruai, huku mwisho wa Nairobi, kilikuwa kimekauka na kushikana hata mvua ikawa inagonga juu na kutiririka hadi barabarani, nyekundu kama chai ya rangi. Kwa hiyo usianze na mbegu. Anza na maji.

Tafuta kwanza mstari unaokingama mteremko. Funga fito tatu kwa umbo la herufi A, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Weka alama uzi unapokata ufito wa chini, geuza miguu, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo: uzi ukitulia hapo, miguu yote miwili iko kwenye mstari. Usikadirie kwa macho. Mimi nilikadiria, na mvua ya kwanza ikabomoa safu nzima.

Halafu, kwenye mstari huo, chimba zai, mashimo ya kunasa maji ya wakulima wa Burkina Faso ambayo mmoja wao, Yacouba Sawadogo, aliyaboresha miaka ya 1980. Upana sentimita 30, kina 20. Udongo uupange upande wa chini, kama mdomo wa bakuli. Tumia sululu, jembe litadunda tu. Tia konzi mbili tatu za samadi iliyooza. Mimi napenda ya mbuzi. Mchwa wakija waache, jamani, vijia vyao ndivyo vinavyopenyeza maji.

Maliza kuchimba Septemba, kabla ya vuli. Panda mtama na kunde pamoja. Penye udongo mweusi unaotuamisha maji usichimbe zai, mizizi itaoza.

Asubuhi baada ya mvua, chomeka kidole shimoni. Changu kilizama chote, na udongo ulikuwa baridi.