Gari ya turbo inazima baada ya kubadili njia ya hewa: kagua haya kabla hujanunua eafloo

Subaru Forester na Impreza za turbo zinazozima ovyo hapa Mwanza huwa zina historia moja. Boksi la eakilina (chujio la hewa) limetolewa, koni (chujio lililo wazi) imefungwa, bomba pana la alumini limeingia, na mwenye hela zaidi kaongeza ile vali ya kupiga "pshuu". Kisha gari inaanza kuzima kwenye kipilefti, na mwenyewe anafika gereji keshaamua: "Fundi, eafloo imekufa, nitafutie nyingine."

Mara nyingi haijafa. Eafloo ni sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Kompyuta inamwaga mafuta kwa kufuata hewa ambayo eafloo imeihesabu. Ikiingia hewa nyingine baada ya pale, au iliyohesabiwa ikatupwa nje njiani, hesabu inakataa na injini inazima.

Hatua ya 1: Jua inazima wakati gani

Usifungue kitu bado. Pasha injini, endesha, angalia. Ikizima unapoachia mafuta ghafla, tuseme unashuka kutoka Bugando na mbele kuna tuta, mtuhumiwa wa kwanza ni vali. Ikiwa umesimama tu na sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, kuna hewa ya wizi, yaani inayoingia bila kupita kwenye eafloo. Ikizima ukikata kona au ukikanyaga breki kwa nguvu, shika mpira mkubwa unaoingia kwenye turbo: injini ikicheza, mpira uliolegea unaachia kidogo kisha unarudi, na ukifungua boneti unaukuta mahali pake kama hakuna kilichotokea.

Kama boksi la zamani bado lipo, lirudishe kwa siku moja. Gari ikitulia, umeokoa hela ya sensa. Vijana hawaipendi hatua hii kwa sababu haina mbwembwe. Mimi huanza nayo.

Hatua ya 2: Soma namba

Subaru nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 zinagoma kusomeka kwa vile vifaa vidogo vya bluetooth, kwa hiyo tafuta mwenye mashine inayoelewana nazo. Kodi (namba ya hitilafu) P0171 maana yake mafuta ni machache kuliko hewa, P0172 ni kinyume chake, na P0102 inakuelekeza kwenye waya au plagi ya eafloo.

Kodi peke yake haitoshi. Tazama asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikiwa ni zaidi ya 10 juu ya sifuri kwenye sailensa, halafu inakaribia sifuri ukishikilia mizunguko 2,500, hiyo ni hewa ya wizi. Ikibaki juu hata kwenye mizunguko hiyo, nenda hatua ya 5.

Na usinakili namba za geji kutoka kwa rafiki yako wa Dar. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni karibu kPa 88, pwani ni 101. Geji ya vakyumu inayosoma inchi 20 kule inaweza kusoma 16 hapa na injini ikawa nzima kabisa.

Hatua ya 3: Saka hewa ya wizi

Hapa usiwe na haraka. Kwenye injini ya EJ20, ile ya Subaru hizi za turbo, mpira wa kuingilia turbo umejificha chini ya manifoldi, na ukizeeka unapasuka upande usioonekana. Aliyefunga bomba jipya aliuvuta na kuukunja, basi ufa wa zamani ukafunguka.

Nunua kizibo cha PVC duka la vifaa vya bomba, kitoboe, kifunge vali ya tairi. Kiweke mahali bomba linapoanza baada ya eafloo, siyo kwenye turbo, maana ukianzia kwenye turbo utaruka kipande kile kile kilichobadilishwa. Ziba pia mpira wa kupumulia injini ili presha isiingie kwenye oili. Injini ikiwa imezimwa, ingiza hewa ya kompresa taratibu, usipite psi 10. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kalipu, kila unganisho, na kila tundu la mpira mdogo. Kuvuja kukubwa utakusikia. Kwa kudogo subiri povu lijitokeze.

Mara kwa mara povu hutokea kwenye tundu dogo la pembeni ambalo bomba jipya halikuwa na sehemu yake, na aliyefunga kaliziba kwa selotepu.

Hatua ya 4: Vali ya "pshuu"

Ukiachia mafuta, vali hii inatupa nje hewa ambayo eafloo ilishaihesabu. Mafuta yake yanamwagwa vile vile, plagi zinalowa, sailensa inadondoka. Springi ikiwa laini, vali inakaa wazi hata kwenye sailensa na kunyonya hewa isiyohesabiwa, pamoja na vumbi.

Iondoe kwa muda, ziba tundu, endesha polepole bila kuita turbo. Ikiacha kuzima, rudisha vali ya kampuni inayorudisha hewa kabla ya turbo. Sauti utaikosa, ndiyo.

Hatua ya 5: Eafloo, koni na kipenyo

Koni iliyopakwa oili nyingi inachafua waya wa eafloo. Safisha kwa dawa yake maalumu, usiuguse kwa kidole wala kitambaa. Msimu wa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji, koni iliyo wazi inaziba upesi. Angalia pia feni: upepo wake ukigonga koni, namba za eafloo zinayumba.

Kipenyo ndicho kibaya zaidi. Ukihamisha eafloo kutoka bomba la milimita 65 kwenda la 76, eneo linaongezeka kwa zaidi ya theluthi, hewa inapita polepole, na kompyuta inaamini ni kidogo. Kwenye sailensa itakuzimia. Turbo ikisukuma, upungufu huo wa mafuta unaweza kutoboa pistoni. Tumia kishikio chenye kipenyo cha awali, au peleka kompyuta ikarekebishwe na anayejua.

Hatua ya 6: Futa na ujaribu

Futa kodi, acha injini iungurume dakika 10 bila AC, kisha panda Isamilo ushuke ukiachia mafuta mara kadhaa. Ikizima bado wakati namba zote zimekaa sawa, achana na hewa. Pima presha ya pampu ya mafuta.