Mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani

Kama unashona foronya, vibanio vya nywele au vifuko vya kupangia vitu kabatini, usikimbilie kununua kitambaa kizima. Pita kwa mafundi cherehani wa mtaani kwako jioni, wakati wanafagia. Vipande vinavyodondoka chini ya meza ya kukatia mara nyingi huishia jalalani, na wengi watakuuzia mfuko mzima kwa bei ndogo sana. Ukizoeana na fundi, atakuwekea pembeni vile vikubwa. Msimu wa harusi na sikukuu ndio wa kuvuna.

Nyumbani, kazi kubwa ni kuchambua. Chomoa nyuzi chache, uzichome kwa kiberiti juu ya bakuli la maji: pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Usivichanganye kwenye kazi moja, maana pasi ya moto unaonyoosha pamba itaunguza poliesta. Kisha lowesha kipande na ukikandamize juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifue peke yake hadi maji yatoke safi, ndipo ukiunge na vingine.

Vifungo na zipu mimi huvitoa kwenye mitumba iliyochakaa. Shati moja la kiume hukupa seti nzima ya vifungo vinavyofanana. Vitunge kwenye uzi mmoja kabla hujaviweka koponi, visije vikachanganyika na vya shati jingine.